Mistari ya Nyuma ya Kilima

Mume wangu Alois ukimwita mlevi atacheka. Ukimwita mchoyo atakuuliza nani kakwambia. Lakini thubutu umwambie kwamba mstari wake wa pamba umeinama kidogo pale karibu na ua, hapo umemtukania mama, na chakula cha jioni hakiliki nyumba nzima.

Simsemi vibaya. Kijiji chetu chote cha Lhota kilikuwa hivyo, na nadhani Teksasi yote. Jumapili misa ikiisha watu hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanapanda magari yao na kuzunguka polepole barabarani, madirisha wazi, wakitazama mashamba ya wenzao. Hakuna anayetazama nyumba wala ng'ombe. Wanatazama mistari. "Huyu alilima huku anafukuzwa na nyuki," anasema mmoja. "Hapana, alikuwa anamtazama mke wa jirani," anasema mwingine, na hicho kicheko kinawafikisha nyumbani. Mtu aliweza kukosa kuchaguliwa mzee wa kanisa kwa sababu ya mstari mmoja wa mahindi.

Sasa Alois alikuwa bingwa. Kila mwaka kwenye mashindano ya kulima alirudi na utepe, na wa pili wake alirudi na maneno. Na shamba letu kubwa lilikaa kwenye mteremko unaoitazama barabara, basi akalilima kutoka kileleni mpaka chini, juu chini, juu chini, mistari imenyooka ungedhani kaichora padri kwa rula. Padri mwenyewe alikuwa akifika pale anapunguza mwendo.

Haya, tuseme mvua imenyesha. Maji yanapenda nini? Yanapenda njia iliyonyooka inayoteremka, na Alois alikuwa ameyatengenezea njia hizo nyingi, tena safi. Kila mvua kubwa udongo wetu mweusi ulishuka nazo, ukavuka barabara, ukaingia kwa shemeji yangu Metodej, mdogo wake Alois, ambaye shamba lake liko pale chini. Kule kileleni kwetu jiwe jeupe likaanza kutokeza. Kilima kilikuwa kinaota upara.

Metodej alipanda matikitimaji kwenye udongo wetu. Yalikuwa matikitimaji ya ajabu, mtu mmoja halibebi moja, na kila mwaka yakashinda kwenye maonyesho. Halafu alikuwa na tabia moja: akishinda, ananiletea kipande kwenye sahani.

"Kula, shemeji," anasema. "Usione haya. Hiki ni chenu."

Nilikuwa nakula, maana kilikuwa kitamu, na huku natamani kumpasulia sahani kichwani.

Lazima niseme jambo moja ili mnielewe hasira yangu. Shamba lile ni langu. Baba aliniandikia mimi, mtoto wake wa pekee. Alivuka bahari kuufuata udongo ule, akafa kucha zake zingali nyeusi. Lakini plau ni ya Alois, na kwetu mwenye plau ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo kila mvua nilisimama barazani nikitazama jasho la baba likivuka barabara kwenda kunenepesha matikitimaji ya Metodej, na nilikuwa sina la kufanya ila kusonya.

Ndipo akaja Bwana Pruitt. Kijana mrefu, wa serikali, shingo yake ndefu kuliko kola yake. Akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa dansi, na watu wakaja kwa sababu kulikuwa na bia.

"Mnakumbuka miaka ile ya vumbi," akasema. "Lile vumbi la magharibi liliruka mpaka mji mkuu, likawaingia wakubwa puani. Walipopiga chafya ndipo walipokumbuka kwamba nchi ina udongo."

Watu wakacheka. Akapata moyo.

"Sheria ikapita. Lakini serikali haiwezi kuja kukulimia shamba lako, na nyie hamtaki ije iwaamrishe. Kwa hiyo inatakiwa wilaya ya kuhifadhi udongo, ya kwenu wenyewe. Mnachagua watano kati yenu, wakulima kama nyie. Hao ndio wanaoomba mtaalamu, wanaomba mashine ya kutengeneza makinga-maji, wanapanga nani asaidiwe kwanza. Mimi nitakuwa mtumishi wao. Theluthi mbili ya wenye mashamba wakipiga kura ya ndiyo, wilaya ipo. Wasipofika, nafungasha naondoka."

Alois akasimama. Ukumbi ukatulia, maana bingwa anasema.

"Hao watano watanilazimisha nilime vipi?"

"Hawamlazimishi mtu, mzee wangu. Watakushauri ulime kwa kukingama mteremko. Unakizunguka kilima, kila tuta linazuia maji yake."

"Kukizunguka. Yaani mstari upinde."

"Upinde pale kilima kinapopinda."

"Kijana," akasema Alois, "hicho si kilimo. Hiyo ni njia ya mlevi anayetafuta kwao."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, meza zikapigwa. Kuanzia siku ile Alois akawa mkuu wa watu wa hapana bila kuchaguliwa na mtu. Metodej alipiga makofi kuliko wote. Yeye sababu zake nilizijua; nilishazila kwenye sahani.

Nyumbani sikumwacha apumue.

"Alois, mwaka kesho kutwa utakuwa unalima jiwe."

"Hata jiwe linalimika likanyooka."

"Kura nitapiga mimi. Shamba ni langu."

Akaweka kijiko chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Najua ni lako," akasema. "Lakini ukisema ndiyo, Rozina, uso wangu nitauweka wapi? Watasema hata mkewe kamkana."

Kura ilikuwa ya siri, sawa, lakini Lhota siri hazikai. Metodej angenitazama usoni mara moja akajua nimeandika nini. Basi nikabaki nimenaswa. Ndiyo yangu ingemwaibisha mume wangu mbele ya watu wote aliowahi kuwashinda, na hapana yangu ingemzika baba mara ya pili.

Nikatafuta ujanja. "Nyuma ya kilima," nikamwambia. "Kule barabara hakuna, macho hakuna. Mwache Bwana Pruitt apige vigingi vyake kule ulime mara moja. Ukishindwa, basi, nitaandika hapana na sitasema tena."

Alifikiri mpaka supu ikapoa. Akakubali kwa masharti. Gari la Pruitt lenye alama ya serikali lifichwe nyuma ya ghala. Vigingi visipakwe rangi. Na mimi nisimwambie mtu, hata nikienda kuungama.

"Hata padri?"

"Hasa padri."

Basi Bwana Pruitt akaja na chombo chake cha pimamaji cha miguu mitatu, akakizunguka kilima akichomeka vigingi, akaondoka kwa kunyatia kama aliyeiba kuku. Alois akawafunga nyumbu wetu wawili, Kaisari na Baroni. Nyumbu wale, wazawa wa punda na farasi, walikuwa wamelima na Alois tangu wangali wadogo, na walijua jambo moja tu duniani: mbele. Walipofika kwenye kigingi cha kwanza wakakikanyaga na kuendelea.

"Pinda," Alois akasema. "Pinda we mnyama."

Kaisari akasimama. Akageuza shingo, akamtazama bwana wake vizuri, kwa huruma, kama mtu anayejiuliza aitwe daktari au bado. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya banda la kuku nimejiziba mdomo kwa aproni. Jioni Alois aliingia ndani amechoka, akaketi bila kuvua kofia.

"Nyumbu wangu wamenidharau," akasema.

Lakini mtu wa fahari ana ugonjwa wake: hawezi kufanya kitu vibaya hata akiwa anakichukia. Alirudi kesho yake, na kesho yake tena. Akawafundisha nyumbu kwa vipande vya sukari, sukari yangu. Mstari aliousahihisha mara moja aliusahihisha tena, mpaka nafasi kati ya tuta na tuta ikawa ile ile kuzunguka kilima kizima. Akaacha kulalamika mezani. Mume akiacha kulalamika lazima uende ukamwangalie, na Jumapili moja mchana nikamkuta kule nyuma amesimama peke yake na nguo za kanisani, mikono mgongoni.

"Unafanya nini huku?"

"Naangalia kama ng'ombe wameingia."

"Ng'ombe wako upande wa pili, Alois."

Halafu akanishika mkono, jambo ambalo hakulifanya mchana tangu binti yetu aolewe. "Tazama pale panapokata kona," akasema kwa sauti ya chini. "Matuta yote yanakata pamoja. Wewe umewahi kuona kitu kama kile?"

Kwa kweli nilikuwa sijaona. Kilikuwa kitu kizuri. Matuta meusi yalikizunguka kilima moja juu ya jingine, hakuna lililomkanyaga mwenzake.

"Waite watu waone," nikasema.

"Thubutu."

"Mficha uchi hazai."

"Sisi tulishazaa," akasema, akaondoka.

Hapo ndipo mateso yake yalipoanza. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya ilikuwa mahali pasipoonekana, na yeye ndiye aliyekuwa anazunguka kijijini akiwaambia watu kwamba kazi hiyo ni ya walevi. Alikuwa akitoka kuhutubia upande wa hapana, anakwenda nyuma ya kilima kutazama matuta yake, anarudi amenuna. Nilimwonea huruma. Pia nilicheka sana.

Mwezi wa tano mvua ikaja. Ilianza mchana, ikapiga kama ina kisasi na mtu. Ilipokatika tukatoka na Alois, tukaanzia nyuma. Maji yalikuwa yamesimama kati ya matuta, yametulia, yanazama taratibu, na pamba imesimama kila mche mahali pake. Tukapanda kileleni tukatazama mbele.

Mbele hapakuwa na shamba. Kila mstari ule ulionyooka ulikuwa korongo, unaingia mpaka magotini. Miche ya pamba ilikuwa barabarani. Jiwe jeupe lilikuwa limetoka kila mahali, na kule chini Metodej alikuwa amesimama kwenye matope, kuku wake wako juu ya paa, matikitimaji yake machanga yamezikwa yote.

Tukashuka.

"Kaka," akasema Metodej, "safari hii umezidisha."

"Kula, shemeji," nikamwambia. "Usione haya. Hiyo ni yetu."

Lakini Metodej si mtu wa kulia muda mrefu. Alikuwa tayari ameanza kupima matope kwa mpini wa koleo, midomo inahesabu. "Mwaka huu nimekula hasara," akasema. "Ila mwakani, kwa udongo huu, yatatoka makubwa kama ndama." Na usoni akaanza kupata nuru.

Alois alituacha pale. Alipanda mpaka kileleni, akasimama juu ya lile jiwe jeupe, na chakula cha mchana hakukila. Nilimhurumia na nilitaka kumsukuma korongoni, vyote kwa pamoja.

Siku ya kura sanduku liliwekwa juu ya kaunta ya bia. Wanawake wa kanisa walikuwa wanauza kolachi, ile mikate mitamu yenye jamu katikati, nami nilinunua moja nikabaki nimeishika. Njiani Alois alikuwa hajaniomba kitu. Hakusema piga hivi wala piga vile. Angeniomba ningegombana naye, ningejua pa kusimama. Alivyonyamaza ndivyo mkono wangu ulivyozidi kuwa mzito.

Kabla ya kura watu wakaruhusiwa neno la mwisho. Metodej akasimama, matope bado kwenye buti.

"Jamani," akasema, "mimi sina ugomvi na udongo. Unajua pa kwenda." Watu wakacheka. "Nasema hivi tu. Huyu kijana anataka tulime kwa kupinda. Mmeliona lile shamba la mfano la kule ng'ambo ya mto? Kuku anafukua vizuri zaidi. Kupinda kwa mpangilio hakuwezekani. Mwanadamu hawezi. Hata kaka yangu hapa, bingwa wetu, hawezi."

Alois alikuwa ameketi mbele yangu. Niliyaona masikio yake yakibadilika rangi.

"Nani hawezi?" akasema.

"Wewe, kaka. Si aibu. Si ndivyo unavyosema mwenyewe kila siku? Wewe unajua kwenda na kurudi, kama msumeno. Ukiambiwa upinde utaanguka."

"Rudia."

"Nimesema utaanguka."

Alois akasimama. Akavaa kofia ndani ya ukumbi, kitu ambacho mamake angemchapia. "Twendeni," akasema.

"Twende wapi?"

"Nyuma ya kilima. Rozina, kafungue lango."

Magari yote ya Lhota yakaondoka pamoja, mpaka wauza kolachi wakapanda na sinia zao. Watu wakasimama kileleni kwetu. Mkono wa kushoto makorongo na jiwe jeupe, mkono wa kulia matuta yanazunguka, pamba imefika magotini, kijani kimekolea. Wakafanya lile wanalolijua. Mmoja akachuchumaa akafumba jicho moja. Mwingine akalala kifudifudi na suti yake. Bwana Pruitt akaanza kueleza habari za maji na mteremko.

"Nyamaza, kijana," akasema Alois. "Watu wanatazama."

Metodej akashuka, akalifuata tuta moja kulizunguka kilima, anatafuta kosa, tukampoteza upande wa pili, akatokea tena anahema.

"Kule mwisho umeinama," akasema.

"Wapi?"

Metodej akageuka kutazama. Akatazama tena. "Basi," akasema, "nilidhani."

"Umelima lini haya?" mtu akauliza.

"Nilikuwa napoteza muda tu," akasema Alois, na nikaona anakaza mashavu asicheke.

Tulirudi ukumbini. Niliandika ndiyo, na sikumficha Metodej uso wangu. Walipohesabu, ndiyo zilipita theluthi mbili na nafasi ya kuchezea dansi ikabaki. Metodej aliandika hapana, akatangaza mwenyewe, akala kolachi nne. Kisha walipochagua wale watano wa wilaya, wakamweka Alois, na tangu hapo hakuna mkulima aliyepata raha. Alikuwa anaingia mashamba ya watu bila hodi kuwauliza maji yao yanalala wapi.

Lakini nataka niwaambie habari ya asubuhi moja baada ya kura, kabla ya sifa hizo zote. Ule upande wa mbele ulikuwa haujalimwa tena, na bado kulikuwa na muda wa kupanda mtama wa ng'ombe. Mashine ya wilaya ilikuwa imefukia makorongo, Bwana Pruitt alikuwa amepiga vigingi, na Alois alitoka na nyumbu mapema. Jua likapanda. Nikachungulia, nikamwona bado amesimama kileleni, plau ardhini, hajaanza. Nikampelekea kahawa.

"Vigingi vimekosewa?"

"Hapana."

"Kaisari amegoma?"

"Kaisari hana neno." Alikuwa anatazama chini, kule barabarani. "Rozina, mimi nilipokuja kwa baba yako kibarua sikuwa na kitu. Sikuwa na shamba, na sura unaiona. Alisimamisha farasi wake pale chini, akautazama mstari wangu, akasema kijana huyu ndiye nitakayemwoza binti yangu. Nilikuwa na ule mstari tu. Nikiupinda leo, mbele yako nabaki na nini?"

Miaka yote ile nilidhani ni kiburi.

"Baba ndiye aliyechagua mstari," nikasema. "Mimi nilikuwa jikoni. Dirisha la jikoni halioni shamba, linaona birika la wanyama. Nilikuona umeleta nyumbu kunywa, wewe mwenyewe midomo imekupasuka kwa kiu, ukawasubiri mpaka wakamaliza ndipo ukainama wewe. Nikamwambia mama, kama ni huyu, sawa."

Alikishika kikombe bila kunywa.

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unatazama mistari."

Halafu akanigeukia, na nikaona kuna kitu kimemchoma kidogo.

"Kwa hiyo siku ile mistari yangu hukuiona kabisa?"

"Hata mmoja, Alois."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akapangusa uso kwa kofia, akanirudishia kikombe, akawageuza nyumbu wakakingama kilima.